Jiwe Lisilo na Safari

Kirua Vunjo, Jumanne

Mgongo umesalimika, lakini si kwa msaada wa majirani.

Jumatatu ijayo Mzungu wa ghala la kahawa kule Moshi mjini anachagua wapakiaji, na asiyeweza kuinua gunia anarudi nyumbani. Ndiyo maana kila asubuhi nainua jiwe huko migombani. Nafanya kwa uangalifu: nachangamsha mwili kwanza, nakunja magoti, siongezi uzito mpaka niuzoee ule wa zamani. Sitaki kufika ghalani nimeteguka.

Leo jiwe likiwa begani nikaguna. Mama Anjela, jirani yetu, akasikia. Huku kwetu ukimkuta mtu amelemewa na mzigo unamtua, basi akaja mbio akalivutia upande wake. Kiuno kikalia ko.

"Pole, mwanangu. Unalipeleka wapi?"

"Shikamoo, mama. Silipeleki popote. Naliinua, halafu naliweka chini."

"Marahaba. Halafu?"

"Naliinua tena."

Akanitazama kama mgonjwa wa homa. Kisha akatabasamu. "Sema tu kwamba unajenga."

Nilikataa. Labda nilikataa kwa sauti ndogo, maana jiwe lilikuwa bado begani.

Jioni nimekuta uani mawe ambayo sikuyaleta mimi. Mama Anjela ameshatangaza: Jumamosi majirani wanakuja kuchimba msingi, na mama yangu ameshaanza kupika ndizi za mbege, pombe ya kuwanywesha wajenzi.

Hakuniuliza kama najenga kweli. Ameuliza tu huyo mchumba ninayemjengea nyumba ni binti wa nani.