Ufunguo Kwenye Pindo la Kitenge

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Nimeenda kwa daktari. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nakucheka kwa vidonge vyako.

Tangu ile homa ikuchukue, bunduki zimenyamaza Kisangani na samaki wa chumvi, makayabu, wamerudi sokoni. Lakini moyo wangu haujapata habari. Natwanga majani ya muhogo, pondu yetu, mara joto linapanda shingoni, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio, naogopa, wala sijui naogopa nini. Nilisema, bon, ni vita vya uasi vimeniingia mwilini. Halafu nikasema ni wazimu. Siku zangu za mwezi zimekoma mwaka mzima sasa, lakini hilo nimwambie nani?

Daktari mwenyewe ni kijana, umri wa mwanao Idi. Haya ikanikaba! Nikamwambia, "Docteur, mugonjwa iko yaya yangu." Nikaeleza yote: jasho, moyo, hofu. Akaandika, kisha akainua kichwa: "Mama, umulete hapa nimuone."

Yaya, nililia pale pale. Uongo wangu ulikuwa habari yako neno kwa neno.

Unakumbuka tulivyojifungia watu tisa chumba kimoja, risasi zinalia upande wa Kapalata? Ukatoka kwenda barazani, kitenge kimelowa jasho chapachapa. "Mutaniua na hii joto!" Nikakuvuta mkono, nikakuita mwendawazimu mbele ya watoto wako. Tangu siku ile ufunguo wa mlango niliufunga kwenye pindo la kitenge changu. Nawe ukawa unakaa chini karibu na mlango, pua kwenye ufa. Hukuniomba hata mara moja.

"Alishakufaka," nikamwambia daktari. Akaweka kalamu chini. "Basi mama, tuongee yako."

Akasema si wazimu. Uzazi unapoaga mwili, hofu kama hiyo huwajia wanawake wengi. Ameniambia nirudi mwezi ujao. Nilifurahi, kisha nikakasirika hadi nyumbani. Kumbe neno moja tu la daktari, nawe ungalisalimika na ulimi wangu!

Nisamehe, Yaya. Mdogo wetu Zaina ameanza kujipepea jikoni akidhani simwoni. Nakuahidi nitamwambia kabla hajaanza kujiogopa, na kwa daktari nitakwenda naye, aseme yake kwa kinywa chake.

Kwaheri, pumzika. Ufunguo nimeufungua kwenye kitenge. Uko kwenye msumari, pale mlangoni ulipokuwa unakaa. Anayetaka hewa atafungua mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwajuma