Vidonge Ishirini na Vinane

Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa,
Upande wa Rudewa,
Kilosa.
14 Agosti, 1976

Kwa dada yangu Perpetua,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ruhembe, wewe na watoto, na kwamba shemeji Paulo amepona ule mguu aliojikata kwa panga akivuna miwa. Sisi huku hatujambo. Mahindi tumevuna, si haba, ingawa nguruwe pori walitutangulia shambani. Mwanao Natalia ni mzima, anacheka, na sufuria ya wali ikipita karibu naye hairudi na kitu.

Safari hii nakuomba usimpe mtu akusomee. Najua umehitimu kisomo cha watu wazima, na nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ingia ndani, funga mlango, usome mwenyewe taratibu.

Kitenge ulichomtumia mke wangu Ida kimefika, na barua yako pia. Umeniita daktari wa ukoo, ukasema bila mimi mwanao angekuwa kaburini. Ida aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, nao wakanipongeza. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Dada, sistahili shukrani ile, na kila siku ninayonyamaza naona haya zaidi.

Unakumbuka Natalia alipokuwa mchanga, alivyochomwa sindano ya penisilini akavimba uso mpaka macho yakafumba, ukaambiwa asichomwe tena maishani. Kwa hiyo sikio lake la kushoto lilipoanza kutoa usaha mwezi wa Aprili, na homa ikapanda, sikuthubutu kumchoma sindano tunayomchoma kila mtu hapa. Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari akatupa dawa nyingine, vidonge vya rangi mbili viitwavyo sefaleksini. Alinieleza kuwa dawa hiyo ina undugu na penisilini, kwa hiyo kidonge cha kwanza amezee pale pale mbele yake. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri tukimtazama mtoto. Hakuvimba, hakujikuna.

Ndipo akanikabidhi kopo lenye vilivyobaki. Vyote pamoja vilikuwa arobaini, kimoja mara nne kwa siku, siku kumi. Alinisisitizia kuwa hata mtoto akianza kuruka kamba siku ya tatu, nisimkatishe, maana vijidudu vinavyobaki ndivyo vikorofi. Niliitikia kwa kichwa kama mwalimu wa somo hilo. Kwani kozini Morogoro sisi tulifundishwa nini?

Kweli siku ya tatu homa ilikwisha, na alikuwa amekwisha meza vidonge kumi na viwili. Siku iliyofuata asubuhi na mapema, kabla hajameza cha siku hiyo, kulikuwa na mkutano wa kijiji. Zahanati yangu wakati huo ilikuwa imeishiwa karibu kila kitu, nawagawia wagonjwa aspirini na pole. Kina mama waliokuja kwangu walikuwa wameliona lile kopo kwenye kabati. Basi mwenyekiti wetu, Mzee Mathayo, akauliza kwa upole kabisa kama katika kijiji chetu kuna dawa ya wananchi na dawa ya jamaa za mganga. Mtu mmoja nyuma akadakia kwamba kumbe makabaila hawajaisha, mmoja amevaa koti jeupe. Watu wakaangua kicheko. Nawe unanijua, dada. Nipige, lakini usinicheke.

Ningeweza kusimama nikaeleza. Maneno nilikuwa nayo, na Mzee Mathayo ni mtu wa kusikia. Badala yake nilikwenda nyumbani, nikaleta kopo, nikamwaga mezani vidonge ishirini na vinane. Wagonjwa walikuwa saba. Nikampa kila mmoja vinne, sawasawa, kama tunavyogawana mavuno ya shamba la kijiji. Lakini dawa si mahindi. Nusu debe la mahindi litamshibisha mtu nusu, ila vidonge vinne vya dawa ile havitibu hata ukucha. Telele, mfugaji anayetuletea maziwa, alikuwa na jipu. Yeye alivichukua vyake akampa ndama aliyekuwa anaumwa, na ndama naye nasikia hakunufaika. Watu walinipigia makofi. Aibu yangu kubwa ni kwamba nilifurahi.

Baada ya wiki mbili sikio lilirudi kwa hasira. Nyuma yake pakavimba, mtoto akawa analia akiegemeza kichwa ukutani. Tulimpakia kwenye trekta, kisha lori, mpaka hospitali ileile, wakampasua. Nilikuandikia kwamba ugonjwa ulikuwa mkali na dawa ilishindwa, na kwamba sikio limeziba kidogo, litafunguka. Dada, halitafunguka. Na dawa haikushindwa. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mwanao dawa yake ili nisichekwe.

Bado sijamaliza. Siku ile ya kupasuliwa, daktari aliniuliza kama mtoto alimeza vidonge vyote. Nikasema vyote. Akamgeukia Natalia akamuuliza yeye pia. Mtoto akanitazama, kisha akajibu kwamba alivimaliza. Daktari akaandika kwenye kadi yake kuwa sefaleksini haimfai, asipewe tena. Penisilini alikwisha katazwa. Nikawa nimemfungia mtoto mlango wa pili kwa mkono wangu mwenyewe, nikamrudisha nyumbani na kadi ile, nikanyamaza miezi mitatu.

Jana nilikwenda kwa daktari nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliandika kadi mpya, kwamba mgonjwa hakumaliza dawa, na kwamba anaweza kupewa tena. Amesema atamwarifu mganga mkuu wa wilaya, nami sitajitetea. Mzee Mathayo nimemwomba nafasi katika mkutano ujao niwaeleze watu nilivyowapunja wao pia.

Ida atakuletea Natalia wiki ijayo, pamoja na kadi hiyo. Itunze. Ukimwita akiwa amekupa sikio la kushoto asiitike, si kiburi. Zunguka upande wa kulia.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mkwe wako mwambie nampa shikamoo. Mungu awape afya na mvua ya kutosha. Na ukimuuliza Natalia habari za vidonge, atakuambia alivimaliza. Nimemwambia mara tatu sasa kwamba anaweza kusema kweli, na kila mara ananijibu alivimaliza, mjomba, kwa sauti ya kunituliza. Usimchape, dada. Uongo huo ni wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Donati