Somo la Mto Nile na Mtoto wa Chini ya Ziwa

Bibi Rudisill mpendwa, nisaidie kabla maji hayajarudi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi kando ya ziwa huku mashariki mwa Tennessee, na nimekuwa nikisoma safu yako gazetini tangu mkubwa wangu alipokuwa anajifunza kushika penseli, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, maana nilidhani wanaokuandikia ni wale wasiojua kupanga ratiba. Watoto ninawafundisha mwenyewe hapa nyumbani, na mwaka huu shida yangu ilikuwa historia. Corinne ana miaka kumi na minne na lazima masomo yake yahesabike kwa ajili ya chuo, Everett ana tisa na hakai kitini mpaka umfunge kamba, Tansy ana sita, ndiyo kwanza anasoma maneno mafupi, na mimi ni mmoja tu na nguo za kufua zinanisubiri.

Rafiki zangu wa kanisani waliniambia ninunue boksi la vitabu vya mtaala, kila mtoto na kitabu cha darasa lake, nikajaribu mwaka jana, na kila siku kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshapita karne tatu na hakuna hata moja niliyoikumbuka jioni. Mama mkwe wangu, Arvella, anasema watoto wafundishwe marais kwa mpangilio, basi, ndivyo alivyofundishwa yeye na hakuharibika. Mimi nikachagua ule mtaala wa mzunguko, ambao familia nzima mnasoma zama moja kwa pamoja, mnaanzia Misri ya kale na kushuka polepole mpaka leo: ninasoma kwa sauti, kisha mdogo anasimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, wa kati anachora na kubandika kwenye mstari wa nyakati ukutani, mkubwa anakwenda kusoma vitabu vizito na kuandika insha. Niliupenda. Bado naupenda, na ndiyo maana nakuandikia.

Tunasomea sebuleni kwa sababu ndipo lilipo jiko la kuni, na hapo hapo hukaa Mamaw, ndivyo tunavyomwita sote, bibi yake mume wangu Dwight, yaani mama mzazi wa Arvella. Mamaw alizaliwa katika mji ulioko chini ya hili ziwa. Walipojenga bwawa yeye alikuwa msichana mdogo, watu wakahamishiwa milimani, makaburi nayo yakahamishwa, maji yakaja. Hakupenda kuyazungumza hayo hata alipokuwa mzima, na sasa hata akitaka hawezi, maana kiharusi kilimnyang'anya sauti zamani. Tunamlisha, tunamwosha, tunamgeuza aone dirisha. Tansy hupenda kukaa kwenye kigoda miguuni pake wakati wa somo, na mimi niliona ni jambo zuri.

Siku ile nilisoma jinsi mto Nile ulivyokuwa ukifurika kila mwaka, maji yakapanda mashambani, kisha yakarudi na kuacha udongo mweusi wenye rutuba. Nikamwambia Tansy asimulie. Akakunja mikono mapajani kama mtu mzima.

"Maji yalikuja na hayakurudi," akasema. "Watu walibeba milango yao mgongoni. Wanaume wenye kofia walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazikwa wapi, wakawachimbua, wakawapandisha kwenye lori. Lakini baba yake Lonzo alikataa. Aliwaambia hapa hatujazika mtu."

Everett akaangua kicheko. "Wamisri walikuwa na malori! Mama, msikie huyu!"

"Tansy, hayo umeyatoa wapi?"

"Si umesema nisimulie?"

Nikajisemea ni ndoto za mtoto, amesikia vipande vya mazungumzo ya watu wazima, tukaendelea. Somo lililofuata lilihusu wafalme wa Misri na vitu walivyozikwa navyo, dhahabu, vitanda, mikate. Zamu ya Tansy ilipofika alisema hivi, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Lonzo alizikwa na kijiko, kwa sababu alikuwa hajajua kula mwenyewe, na mama yake alitaka ajifunze huko."

Safari hii hata Everett hakucheka.

"Lonzo ni nani, mwanangu?"

"Mdogo wake Mamaw. Yuko nyuma ya kibanda cha chemchemi, penye jiwe jeupe."

Corinne aliinuka, akanivuta mpaka jikoni, akafunga mlango. "Mama, mimi sikai tena mle."

"Kwa ajili ya hadithi za mtoto?"

"Hukuona? Tansy akisema, midomo ya Mamaw inacheza. Maneno yale yale. Nimeangalia sana, Mama. Ya Mamaw inatangulia."

Basi somo lililofuata nilikaa mkabala nao, nikasoma kuhusu Babeli huku jicho moja likiwa kwa Mamaw pale dirishani, na nikaona, Bibi Rudisill. Midomo ile mikavu ilisogea bila pumzi, ikatulia, kisha ndipo sauti ya mwanangu ikatoka, nyembamba, tulivu, ikizungumzia duka lenye mlango wa kijani na mbwa aliyekataa kuhama.

Dwight nilipomweleza alisukuma sahani yake. "Jumatatu wanakwenda shule. Wote."

"Kwa kosa gani?"

"Mwanangu anaongea habari za maiti sebuleni kwangu, halafu unaniuliza kosa?"

Arvella, aliyekuja siku hiyo kula maharage na mkate wa mahindi, alikuwa mkali zaidi. "Mama yangu alizaliwa peke yake. Peke yake! Hakuna Lonzo. Nilikwambia uwafundishe marais. Umewahi kusikia mtu ametokewa na rais?"

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila majira ya baridi watu wa bwawa huyashusha maji, na barabara ya zamani hujitokeza, inateremka kutoka kwa jirani yetu na kuingia matopeni, na kuendelea, kana kwamba bado kuna watu inaowapelekea wageni. Asubuhi moja niliwachukua watoto, nikawaambia ni matembezi ya somo, lakini moyoni nilitaka Tansy aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu. Kulikuwa na ukungu, na kila sauti ilikuwa karibu mno, hata ya viatu vyetu. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga kule alitutangulia, akaiacha barabara mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote, akapita katikati ya misingi ya nyumba akizunguka mahali ambapo zamani palikuwa na kuta, na hakuvuka ukuta hata mmoja. Akasimama penye mawe yaliyopangwa mraba, maji ya chemchemi yakichuruzika katikati. "Hapa waliweka maziwa yasichache," akasema. Na nyuma yake, Bibi, palikuwa na jiwe jeupe, dogo kama mkate, limesimamishwa wima ardhini kama linavyosimamishwa na mkono wa mtu.

Everett alisogea alitazame. Tansy akamshika koti. "Utamkanyaga."

Na Everett, ambaye hamsikii mtu, akasimama.

Tuliporudi, Mamaw alivitazama viatu vyetu. Kisha akainama, yeye ambaye tunamwinamisha sisi, akashika kiatu cha Tansy, akakwangua tope kwa kucha zake, akalifumbata. Sikuweza kukifungua kiganja kile kumwosha mpaka jioni.

Mwezi wa nne maji yatapandishwa. Niambie nifanye nini. Niutupe mtaala huu? Nimwondoe mdogo kwenye meza ya historia, asome peke yake vitabu vya picha? Nimwambie Arvella kuhusu jiwe, au niyaache maji yalifunike kama zamani?

Mama wa watatu, kando ya ziwa.

*

Mama wa watatu,

Keti kwanza. Nitakugombeza, kisha nitakusaidia, na usiniruke.

Uliwapeleka watoto kwenye ziwa lililoshushwa maji, katika ukungu, bila kumwambia mtu! Tope lile juu huonekana gumu na chini ni uji. Limemeza ng'ombe kaunti hii hii. Ulichokiogopa ni mtoto aliyekufa zamani, na watatu walio hai ukawatembeza juu ya shimo. Usirudie.

La pili. Umeishi na mwanamke huyo, umemlisha supu, umemgeuza aone dirisha, halafu ukamsomea historia ya Babeli mbele ya uso wake na hukuwahi kumuuliza lolote. Alipoteza sauti. Nani alikwambia amepoteza na maneno? Corinne anaogopa kwamba midomo ya Mamaw inatangulia. Mimi ingekuwa inafuata nyuma, ningeogopa. Kutangulia maana yake anayesimulia ni yeye. Nyinyi wengine mnatazama vitabu. Mdogo hajui kusoma vizuri, hivyo amekaa chini na kusoma kitu pekee kilicho usawa wa macho yake, uso wa Mamaw. Hayo naweza kuyaeleza. Jinsi alivyozunguka kuta zisizokuwepo siwezi, na sitajifanya naweza. Nimefundisha watoto muda mrefu, na kuna mambo mawili matatu ambayo niliyaacha yapite bila kuyapa jina.

Sasa mtaala. Usinunue kitu! Ulichagua sawasawa. Mama mwenye vitabu vitatu vya zama tatu huishia kuwa mwalimu mbaya mara tatu. Zama moja, meza moja, kila mtoto achukue kwa kipimo chake, na ukimwondoa mdogo mezani utamfundisha kwamba alichosikia ni aibu. Ila umeona mwenyewe kipimo chake kimezidi. Mtoto wa miaka sita hapaswi kubeba marehemu wa familia peke yake. Mpunguzie mzigo: wewe ndiye ukae kwenye kile kigoda. Corinne anayeogopa mpe kazi, maana woga wa umri ule hupungua mikono ikiwa na shughuli: akawaulize wazee waliohama bonde lile, aandike, na hiyo ihesabike kama somo lake la mwaka. Everett achore ramani ya mji, nyumba kwa nyumba. Misri itawasubiri, imeshazoea.

Kuhusu jiwe: usiliguse, usichimbe, usipeleke hata kijiko cha udongo nyumbani. Kaburi lisilo na jina bado ni kaburi, na sheria inalijua. Piga simu ofisi ya kaunti na watu wa bwawa, waambie mnadhani kuna ndugu yenu. Lakini kabla ya simu hiyo, mwambie Arvella. Sio mbele ya watoto, na sio mbele ya maharage. Mwambie akae, amshike mama yake mkono, aulize maswali ya ndiyo na hapana. Yeye ndiye mwenye haki ya kuuliza. Atakasirika, mwache akasirike akiwa amekaa.

Na Dwight mwambie Jumatatu hawaendi popote. Mwambie nimesema mimi.

*

Jibu hilo nililituma kwa posta kabla ya kulichapa, kwa kuwa maji hayasubiri toleo letu. Aliyoniandikia baadaye nayaweka hapa kwa ruhusa yake.

*

Bibi Rudisill,

Arvella alicheka nilipomwambia, kisha akaacha kucheka, kisha akauliza kigoda kiko wapi. Alikaa pale na mwili wake mkubwa, magoti yakigusa kidevu, akamshika Mamaw mkono. "Mama, kama ulikuwa na mdogo wako, nibane." Hapakutokea kitu, nikaona nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Halafu Arvella akasema "Ai!" na nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Aliuliza mpaka moto ukazimika. Ndiyo, Lonzo. Ndiyo, alikuwa bado ananyonya. Ndiyo, baba yao alimficha, alisema wameshachukua shamba na hawatamgusa mwanawe, na akawakataza wote kulitaja jina. "Na mimi hukuniambia, Mama, miaka yote hii?" Kwa swali hilo Mamaw hakubana. Alimpapasa tu kwa kidole gumba.

Watu wa kaunti na wa bwawa walikuja, wakatandika mbao juu ya tope, wakatazama, wakavua kofia. Walikuwa wapole. Walisema ndugu wakitaka atahamishwa akalale na wazazi wake mlimani. Dwight alimleta Mamaw kwenye pikapu mpaka pale lami inapoingia matopeni, na Arvella akamuuliza kupitia dirishani, "Tumtoe?" Mamaw aliuvuta mkono wake, akauficha chini ya blanketi. Tukaelewa. Lonzo amebaki pale pale. Jina lake limechongwa kule mlimani, kwenye jiwe la wazazi, na maji yalipopanda tulikuwa wote ukingoni. Yalipanda polepole sana, bila wimbi, kama yanayojua mtu amelala. Arvella hakuondoka mpaka weupe wa mwisho wa lile jiwe dogo ulipopotea.

Sasa tumefika Ugiriki. Arvella huja siku za historia na kiti chake mwenyewe na kubishana nami kuhusu tarehe. Juzi nilisoma, nikamwambia Tansy asimulie. Alimgeukia Mamaw. Mamaw alikuwa amelala, mdomo umefumba, uso umelegea kama sijawahi kuuona. Tansy akatugeukia.

"Leo nina cha kitabuni tu," akatuambia, kwa sauti ya mwenye nyumba anayewaomba radhi wageni kwamba chakula ni kidogo.

Arvella alisogeza kiti chake karibu naye. "Lete, mpenzi," akasema. "Tutakula hicho hicho."