Mama Alikatala Kumushitaki Delphin

Mavivi, Beni
Tarehe 9 Novemba 2024

Mpendwa kaka Stanislas,

Jambo sana, weye na bibi yako Falonne na batoto. Muko bazima? Kikohozi ya Falonne ilipona? Siye huku tunapumua. Juma hii tulilala bila kusikia masasi ya bunduki, aksanti Mungu. Na weye, Lubumbashi ilikumeza kabisa? Hata sauti yako hatusikie tena.

Kaka, ikala chini kwanza. Ni juu ya mama. Mudogo wetu Delphin anamupiga.

Mwezi wa tisa nilipanda Butembo kumuona. Nilimukuta mu ile jiko ya zamani, nyuma ya nyumba ya baba, kule mwisho wa mutaa wa Kimemi. Kufuli ilikuwa inje. Mukono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Delphin hakuona hata haya: eti mama anakojoa kwa kitanda, eti anatukana bibi yake, eti muzee akirudia utoto anapigwa kama mutoto. Mama yetu, Stanislas! Mwenye alimubeba huyo Delphin mugongoni siku tulikimbia vita! Nilimuleta hapa kwangu. Docteur akasema mufupa umevunjika.

Bwana yangu Lusenge alimupokea muzuri. Kwa parokia kuko avocate mumoja wa kutetea batu, Rébecca, anasaidia bazee bila kuomba kitu. Alitueleza kama katiba inalinda bazee, na kumupiga muzazi ni kosa mbele ya sheria, si mambo ya ndani ya nyumba. Nilifurahi mpaka nikalia. Donc tukapeleka malalamiko mahakamani.

Magistrat, mwanamuke mupole, alimuuliza mama nani alimuvunja mukono. Mama akaangalia chini. Akasema aliteleza jikoni. Magistrat akauliza tena, jibu ni ile ile. Dossier ikaishia pale.

Nilikasirika, kaka, sikufiche. Kufika nyumbani, akanishika nguo:

«Kavugho mwana wangu, nikimufunga Delphin, nani atanizika? Mwanamuke hazikwe kwa bwana ya binti yake. Nataka kuwa pembeni ya baba yenu.»

Unajua vile mama anaonaga mambo. Kwangu miye ni kwa Lusenge. Mama anaona akizikwa hapa, ni aibu ya ukoo muzima. Lusenge mwenyewe alimuambia hapa ni kwake, mais hapana. Rébecca alitupa sheria yote, lakini juu ya kaburi hakukuwa neno. Kisha siku chache mama alifunga nguo zake akarudi kwa Delphin. Jirani yao, Kavuo, anasema kufuli ilirudi pale pale, na fimbo pia.

Sasa, kaka, sikia hii. Asubuhi ya leo Kavuo alinipigia simu: batu walikuja kupima shamba ya migomba nyuma ya nyumba. Delphin aliisha kuiuzisha yote, na kaburi ya baba ndani. Mwenye kununua anataka kujenga depot ya bidhaa. Eh Mungu! Mama hajue. Anapigwa, ananyamaza, juu ya fasi ya kaburi ambayo iliisha kuwa ya mutu mwengine.

Rébecca anasema tunaweza kuisimamisha, juu fasi ile ni yetu siye batatu, na Delphin hana ruhusa ya kuiuzisha peke yake. Hiyo nitaianza kesho. Mais kumutoa mama kule, siwezi. Hatanisikia miye, wala avocate. Atasikia mutoto wake mwanaume. Uko na parcelle yako ya udongo Butembo. Piga simu kwa Kavuo, atamupa mama telefone, umuambie na kinywa yako mwenyewe: «Mama, toka kwa Delphin, urudi kwa Kavugho. Miye nitakuzika kwangu.» Hapana umutumie kitenge, hapana umutumie dawa. Neno hilo tu. Stanislas, nakuomba umuahidie mama yetu kaburi, ndiyo akubali kuishi.

Usalimie Falonne na mutoto wetu Keren, na mama mukwe wako. Lusenge anawasalimia mwote. Nyamuhanga, Mungu wetu, awalinde na akupatie nguvu ya kusema.

Ni miye dada yako wa tumbo moja, mwenye kukupenda,

Kavugho Berthe