Kamusi Ndani ya Kidude cha Gemu

Kaka yangu Kisemei,

Supa. Najua utaitikia "ipa" kabla hujaifungua bahasha vizuri, kwa hiyo salamu zetu zimekwisha kukutana njiani. Natumai u mzima, kwamba kifua kimemwachilia mama hapo Kitengela, na mbuzi wa kule Kajiado wamepata nyasi. Mimi ni mzima. Hapa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, theluji huanguka bila sauti, na nikienda zizini alfajiri kukamua huona kama natembea ndani ya maziwa.

Maisha yangu hapa yanakaa ndani ya kile kidude chako cha gemu. Unakumbuka tulivyokipeleka kwa Mutinda, fundi wa simu? Kamusi za umeme nilizoshauriwa kununua zilikuwa za bei ya ng'ombe, na simu yangu bila bando ni kioo cha kujitazamia tu. Mutinda akasema kidude hicho kina kalamu yake. Kikitiwa kadi ya kamusi ya Kijapani, kitanisomea hata neno nisilolijua, mradi nilichore. Ukakitoa mfukoni, ukasema afadhali wewe ukose mpira kuliko dada yako mwenye megafoni akafe bubu ugenini.

Ububu nimeuonja, kaka. Mimi niliyepanda meza za bwalo la chuo na bwalo zima likanyamaza, hapa niliomba chumvi kwa kunyoosha kidole. Basi nikawa nachora: neno la kwato, neno la theluji, neno la mvuke utokao puani mwa ng'ombe. Kila moja liliwaka kiooni kama moto wa wachungaji uonekanao kutoka kilima cha mbali. Siku nyingine, nikizitazama alama masikioni mwa ng'ombe, huona kama baba ndiye aliyezichora, na kwamba zizi hili limeanzia Kajiado likanyooka hadi huku.

Lakini chumba tunacholala wafanyakazi wageni hakijapata joto tangu mashine ya kupasha joto ilipoharibika, na Linh, msichana wa Vietnam ninayelala naye kitanda kwa kitanda, anakohoa kama mama. Nawe unajua mama aliniapisha nini uwanja wa ndege: kwamba ulimi wangu ulikwisha kunifukuzisha chuo, nisiuache unifukuzishe na nchi ya watu. Niliapa. Nimenyamaza tangu vuli, nikijiambia ni uhaba wa maneno tu.

Sasa nikwambie, nawe umwambie mama taratibu, akishakunywa chai. Maneno ninayo. Kidude chako kilinipa moja moja, na jana nimeyatumia. Nilisimama mbele ya mwenye shamba, wenzangu nyuma yangu, nikasema kwamba mkono unaokamua maziwa ya moto hauwezi kulala juu ya barafu. Kila neno nililichora kwanza, ndipo nikalitamka. Hotuba ambayo chuoni ingekuwa pumzi moja ilichukua muda wa kukamua zizi zima. Msimamizi alicheka, akasema mkataba wangu ni karatasi tu, na karatasi hukatwa. Mzee mwenye shamba hakucheka. Aliiomba kalamu, akachora neno moja polepole, akanirudishia. Maana yake ikawaka kiooni: rudia.

Kaka, chuoni nilijibiwa kwa moshi wa kutoa machozi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba nirudie. Nikarudia, tangu mwanzo. Atatujibu Jumatatu. Huenda nikabaki, huenda ukanipokea na sanduku langu. Kiapo cha mama nimekivunja nikijua.

Baba na jirani yetu mzee Muthama, tangu siku walipopeana mtamba, hawakuitana tena majina. Walikuwa Paashe kwa Paashe, yaani mtoa-mtamba, kwa heshima ya zawadi ile, hadi baba alipozikwa. Nasi tumepeana kitu, kamusi hii iliyo ndani ya kidude chako, basi na tuitane kwa jina lake. Mechi uliyoisimamisha bado imo kidudeni, mpira ungali hewani. Sijaugusa.

Nisalimie mama na Mutinda. Lala salama, Kamusi wangu.

Ni mimi, Kamusi wako,

Naeku