Ruhusa ya Kuukimbia Udi

Gazi,
S.L.P. 41,
Msambweni.
9 Machi 1998

Mpendwa dada Mwanatumu,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Waendeleaje huko Maskati? Joto lawaachia pumzi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mimi nazidi kunawiri: juzi hotelini Diani bibi wa Kijerumani alidhani ndimi mwenye hoteli. Sikumkatalia, nilimbebea mizigo yake tu.

Uliandika kwamba ikiwa Yusra hawezi kujitunza na pumu yake, utaacha kazi urudi. Basi nisikilize. Mwanao ametulia. Akilala mchana kifua chake hupiga mbinja nyororo, kama mtu aimbaye chumba cha pili, nami hukaa nikisikiliza mpaka chai inapoa.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi Everline, mtu wa bara, mcheshi. Siku hizi hawapimi vifua tu, wapima na fikira za watoto. Humsimulia mtoto kisa, kisha humuuliza mwenye kisa afanyeje. Akikimbia kifua kikambana? Yusra akajibu kama daktari: akae wima, avute dawa yake, amwite mkubwa. Nikavimba kichwa: "Huyo karithi kwangu!"

Everline akaendelea: mtoto yuko kwa bibi yake, udi wafukizwa, kifua chaanza kubana.

"Atangoja wakubwa wamalize," akasema Yusra. "Kuukimbia udi wa bibi si adabu."

"Na asipoweza kupumua?"

"Atavumilia. Asimwaibishe bibi."

Dada, mzaha ulinikauka mdomoni. Dawa aijua, hatari aijua, na bado angekaa pale pale.

"Mjomba, akili anayo," Everline akaniambia. "Hana ruhusa."

Mama alisikia yote. Ijumaa wageni wakaja, akawasha chetezo chake kama kawaida. Nyumba ikajaa harufu ile uijuayo, sote tukawa laini kama walio ndani ya wingu. Akamwita Yusra mbele ya watu.

"Mjukuu wangu, moshi ukikujia, toka. Usiniage. Ukibaki ndipo utaniaibisha."

Yusra akapita mbele ya wageni ameinama kwa adabu, akatoka. Nikamfuata uani. Kanga zilikuwa zikipepea kambani, naye amekaa kati yazo, dawa mkononi, akipumua taratibu kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo baki kazini, dada, ulale usingizi.

Mama na mdogo wetu Alfani wakusalimu sana. Mola akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na furaha.

Nduguyo akupendaye,
Boga