Mwachilie Nyabuto Awe Kuruta

Baba Mogaka,

Ni mimi, mkeo. Anayeandika ni Moraa, dada yake Nyabuto. Mimi naongea tu, na nimemwambia asinikate. Tunaongea Kiswahili kwa sababu wewe tangu utoke jeshini, jambo kubwa hukulisema kwa Kikisii. Ukianza "sikiliza hapa," watoto wote wanasimama wima. Basi leo sikiliza wewe. Pasta anasema wafu hawajui neno lolote. Pasta hakuishi na wewe.

Hapa nyumbani tuko. Chai ya kule chini imekubali mvua. Ng'ombe mwekundu alizaa, jike, lakini hataki kukamuliwa na Mogaka, anampiga teke. Hata mimi ningempiga, vile mtoto wako anavuta. Na soko la Kebirigo limejaa watu wa siasa, kila chama na spika yake ya kupiga kelele, unauza ndizi kwa ishara kama bubu. Ngoja, si hayo nilitaka kusema. Sikai mahali pamoja. Nashika jembe naacha, nashika ufagio naacha, nakuja kusimama kwa kaburi lako, naenda, narudi.

Ni mambo ya mjukuu wako Nyabuto.

Unakumbuka aliacha shule miguu yako ilipokufa, awe anakugeuza kitandani, kwa sababu Mogaka ana mgongo na mimi nguvu sina. Halafu akaanza ile shule ya posta. Bahasha inatoka ng'ambo, anajibu maswali akikaa kwa kitanda chako, anarudisha. Ulikuwa unamuuliza, "Leo bahasha imekufundisha nini?" Anakusomea hesabu, unasema "sawasawa," na hukuelewa kitu, usinidanganye.

Cheti kilikuja ukiwa umeshatuacha. Muhuri wa dhahabu, utepe mwekundu. Tulikiombea kanisani siku ya Sabato. Mimi nikasema karatasi kama hii haiwezi kukaa kwa sanduku na panya. Nikaipeleka Kisii kwa yule Mhindi wa vioo, akaibandika na gamu ndani ya fremu isitoke, tukaitundika karibu na picha yako ya koplo. Mgeni akija anaangalia hiyo kwanza, wewe pili. Usikasirike.

Halafu chuo cha maofisa wa jeshi kikatangaza kinataka vijana. Nyabuto akaandika, akaitwa, wakamwambia aje na cheti chenyewe. Sasa kitatoka aje na kimebandikwa? Akabeba fremu nzima, nikamfungia na leso. Kufika mbele ya meza, yule mkubwa akamwambia, "Kijana, mbona umeniletea dirisha?" Watu wakacheka. Hata yeye Nyabuto akacheka. Mkubwa akasoma, akauliza, "Hii shule iko wapi?"

"Inakuja kwa posta, afande."

Hapo kicheko kikaisha. Alimwambia polepole, si kwa ubaya: alama ni nzuri, lakini hiyo shule serikali haiijui. Haimfanyi mtu ofisa. Arudi sekondari afanye mtihani wa taifa. Na akimaliza huo, umri wa kuchukuliwa utakuwa umempita.

Akarudi na dirisha lake. Hakula.

Sasa Jumanne wanachukua makuruta pale Ogembo. Hao wanaangalia meno, mbio, na karatasi ya darasa la nane, na hiyo anayo ya halali. Anataka kwenda. Lakini neno lako limesimama mlangoni. Ulisema siku ya mwisho, sote tukisikia: "Huyu asiingie jeshi kama mimi, kupigia kila mtu saluti. Yeye apigiwe." Na unajua kwetu, neno la mzee anayeondoka halirukwi. Mogaka ananiambia, "Mama, aruke hilo neno, halafu apigwe risasi huko, tutasema nini?" Nyabuto anasema haendi mpaka mimi niseme. Mimi!

Sasa nakuuliza, Baba Mogaka. Ulipiga saluti miaka yote hiyo, na ulirudi hapa ukiwa mtu. Nani alikudharau? Nani hakukuamkia sokoni? Najua kilichokuuma ni yule ofisa mdogo aliyekusimamisha juani kwa sababu ya kifungo cha shati. Ulinihadithia mpaka nikakijua hicho kifungo. Lakini hilo lilikuwa jua lako. Nyabuto mwachie lake.

Mtoto alikuosha. Alikulisha. Shule ilimpita akiwa amekushika mkono. Usimshike tena.

Nimeamua. Namleta hapa kwa kaburi, namwambia mbele yako: nenda. Aliyeruka neno lako ni mimi, si yeye. Ukiwa na hasira, njoo nayo kwangu, mimi nimeizoea tangu nikiwa bibi arusi. Yeye usimguse hata ukucha. Na mimi nakuahidi, akirudi na hizo nguo za kijani, awe na cheo au asiwe nacho, nitampokea na vigelegele mpaka usikie.

Basi pumzika, mume wangu. Mkono wa Moraa umechoka, na mimi naenda kumwita sasa hivi, kabla sijaogopa tena.

Ni mimi, Mama Mogaka.